Vidole Vyeusi Sebuleni kwa Kina Wanjiru

Watu wa kwetu Mutuini wakiniona nikipita bado huniuliza kama nimemaliza kulia, nami huwapungia mkono tu, kwa sababu ukianza kuwaeleza mambo ya hadubini ya elektroni watasema pombe ndiyo imekufundisha sayansi.

Nilikuwa mwosha vyombo katika maabara moja Upper Hill, Nairobi. Fundi wangu alikuwa Karanja, na nitamtaja mpaka nife. Yeye alitayarisha vipande vya figo, vidogo kuliko punje ya mchele, akaviloweka kwenye kemikali yenye sumu inayogeuza mafuta kuwa meusi, ndipo hiyo hadubini ivione. Kichupa chake hakifunguliwi ovyo, maana mvuke wake huchoma macho: ni ndani ya kabati la kuvuta mvuke, feni ikinguruma, glavu mkononi.

Sasa, Jumamosi hiyo dada yangu Nyambura alikuwa amenipangia kwenda jioni kwa kina Wanjiru, mjane aliyenitafutia (nilikuwa nimechoka kusonga ugali wa mtu mmoja), basi nikajipaka mafuta mikono mpaka ikang'aa, na Karanja aliponiambia, "Mzee Njoroge, hebu nifungie hicho kichupa," nikaona glavu zenye unga zitaniharibia urembo, nikakishika hivyo hivyo, na feni yeye alikuwa ameizima ili asikie simu yake. Kikaniteleza, kikanimwagikia vidoleni.

"Nawa uende," akasema. "Hakuna mtu ameona."

Kufika kwa kina Wanjiru, vidole ni makaa matupu. Nikavificha chini ya meza. Mama yake akiomba, macho yakaanza kuniwasha, machozi yakanitiririka mpaka kwenye chai, nikitazama taa naona imezungukwa na duara la rangi.

"Njoroge, unamlilia nani?" mama akauliza.

Nikampigia Karanja aeleze, nikampa mama simu. Akasikiliza, akanirudishia.

"Anasema leo hukufika kazini."

Nikamwangalia Nyambura aliyenisindikiza, damu yangu, anitetee. Akasema, "Si nilikuambia leo usionje pombe?"

Wanjiru alinipa kitambaa akikishika kwa ncha, asiniguse.

Macho yalipona, weusi wa vidole ukatoka pamoja na ngozi, na Wanjiru siku hizi huketi kanisani na bwanake, fundi wa mabati. Karanja alipandishwa cheo. Mimi niliapa sitashika chochote tena mikono mitupu, na nimetimiza: hata nyumbani naosha vyombo na glavu, japo ni sahani moja.