Jina Ambalo Mama Hakulitamka

Nilipokuwa mtoto, mama yangu hakuwahi kuniita kwa jina langu. Mimi ndiye binti wa kwanza, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba. Jina hilo ni Njambi. Mama alilelewa katika nyumba ambamo mke hatamki jina la mama mkwe wake, na hakuona kwa nini abadilike eti kwa sababu jina limehamia kwa mtoto. Aliniita Mami. Akikasirika aliniita Lydia, jina la ubatizo, ambalo ndilo nililotumia shuleni. Baba, ndugu zake na majirani waliniita Njambi. Sikuona ajabu yoyote. Mtoto hudhani kila nyumba iko kama yao.

Nayaandika haya kwa sababu ya matembezi tuliyoyafanya nikiwa darasa la tatu. Kila mmoja nyumbani husimulia siku ile kwa namna yake, na siku hizi mimi ndiye ninayeulizwa ilikuwaje hasa. Nitaeleza niliyoyaona. Pale ambapo sikuwepo, nitasema nani aliniambia.

Tuliishi Ngoingwa, karibu na Thika, wakati ambapo dirisha la jikoni lilitazama ng'ombe wa jirani na si ukuta wa gorofa kama ilivyo leo. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Cucu, alikaa Gatanga ya juu, pale mashamba ya majani chai yanapokoma na msitu wa Aberdare kuanza. Katika usichana wake alikuwa akivuka msitu huo kwa miguu pamoja na mama yake, kwenda Kinangop kutafuta viazi. Kipande cha kwanza cha njia hiyo bado kilipitika. Kilifuata mgongo wa mlima kati ya miti mikubwa na mianzi hadi kwenye jiwe pana ambalo mtu akisimama juu yake huona nchi yote ya chini. Mwaka ule kifua kilimsumbua Cucu tangu mvua, na alisema anataka kuliona jiwe lile tena kabla miguu haijakataa. Baba alikuwa zamu kiwandani Thika. Kwa hiyo tulikwenda wanne: Cucu, mama, mimi, na Anko Mwaura, mdogo wake baba, aliyetupeleka na pikapu yake hadi ukingo wa msitu.

Mama alishuka garini na viatu vyeusi vyenye kisigino kifupi. Anko alivitazama kwa muda.

"Mama Lydia, hivyo ni vya mlima ama vya kwaya?"

"Ni vya mtu hakuambiwa ukweli," mama alisema. "Wewe ndiye ulisema ni kutembea kidogo tu."

"Ni kidogo. Ni vile iko juu."

Walitangulia wakiendelea kubishana. Cucu alitembea polepole kwa sababu ya kifua chake, nami nilibaki naye. Tulipoingia chini ya miti, mwanga ukapungua na hewa ikawa baridi kama ya ndani ya mtungi. Hapo Cucu alinishika bega akanisimamisha.

"Sikia. Huku ndani ukisikia unaitwa, na humwoni mwenye kukuita, nyamaza. Usiitike, na usifuate. Kaa chini pale uko."

"Kama ni mama?"

"Inaweza kuwa sauti ya mama yako. Inaweza kuwa sauti yangu. Hicho kitu kinajua sauti za watu. Jina ndilo hakijui. Mpaka usikie jina lako, hujaitwa."

"Jina la shule?"

"La shule linajulikana na kila mtu. Lile ulizaliwa nalo."

Nilimuuliza ni kitu gani. Alisema mama yake hakumwambia, na yeye hakuuliza, kwa sababu siku zile watoto hawakuuliza sana. Akaanza kutembea tena. Hakusema kwa sauti ya kutisha. Alisema kama mtu anayekuonyesha mahali penye siafu.

Matembezi yenyewe yalikuwa ya utulivu. Njia ilikuwa nyembamba, na kila upande ardhi iliteremka hadi mahali ambapo macho hayakufika. Anko alituonyesha kinyesi cha ndovu kilichokauka. Mama alivua viatu akavishika mkononi, na tangu hapo akawa mwepesi kuliko sisi sote. Cucu alipumzika mara nyingi, na kila alipopumzika alitaja jambo: hapa walikuwa wakitua mizigo, pale palikuwa na chemchemi.

Tulifika kwenye jiwe kabla ya adhuhuri. Mlima wa Kilimambogo ulikuwa peke yake mbele yetu. Upande huu wake ulionekana moshi wa viwanda vya Thika, na kulia, kuelekea Ruiru, kahawa ilienea kijani kibichi pale ambapo sasa nina nyumba. Tulikula nduma za kuchemsha na kunywa chai ya chupa. Cucu alikaa akiitazama nchi ya chini.

Walipoanza kufunga vyombo nilikwenda nyuma ya jiwe. Palikuwa na matunda mekundu ya miiba, na kichaka kimoja kilinipeleka kwa kingine. Sikuwa mbali, au sikudhani niko mbali. Kisha ukungu ukapanda kutoka bondeni. Watu wa kule wanaujua ukungu huo. Hauji kama mvua inayotangaza kwanza. Niliinama kuchuma, na nilipoinuka miti ya jirani ilikuwa imetoweka.

Niliketi chini, mgongo kwenye shina la mti. Ndipo niliposikia sauti.

"Mami! Mami, uko wapi?"

Ilikuwa sauti ya mama, lakini ilitoka mbele na nyuma yangu kwa pamoja. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Ikaita tena, mara nyingi. Kisha ikaita, "Lydia!" nami nikaogopa, kwa sababu Cucu alikuwa amesema jina la shule linajulikana na kila mtu, na hicho kitu kilikuwa kimelijua kweli. Nilishika magome ya mti kwa mikono yote miwili. Nililia bila kutoa sauti. Nilitaka kwenda kwa ile sauti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Kilichotokea kwenye jiwe nilikipata baadaye kwa mama na kwa Cucu, kila mmoja kwa wakati wake. Anko alidhani nimetangulia kwenye gari, akateremka mbio na njia. Wanawake wawili wakabaki. Mama aliita hadi sauti ikaanza kukwaruza. Alitaka kuingia msituni, na Cucu alimshika gauni kwa sababu ukingo wa mteremko haukuonekana.

"Yuko karibu," Cucu alisema. "Anakusikia. Mimi ndiye nilimkataza kuitika."

Akamweleza alichoniambia. Mama anakiri kwamba alimjibu vibaya, kwa maneno ambayo hajawahi kunitajia. Cucu alijaribu kuita mwenyewe, lakini kikohozi kilimkata kabla jina halijaisha.

"Ni wewe umebaki," alisema alipopata pumzi. "Mwite."

"Maitu, hilo jina nitalitamkaje na umesimama hapa?" Mama alimwita mkwe wake Maitu, kama unavyomwita mama aliyekuzaa.

"Kwani nikigeuka?"

Na Cucu akageuka kweli, akampa mama mgongo, akatazama ukungu wa upande mwingine. Cucu alisema mama alikuwa akilia. Mama anasema hakulia, ni ukungu. Katika mengine yote walikubaliana.

"Njambi!"

Lazima niseme jambo hapa ambalo wasimulizi wengine huliacha. Niliposikia jina langu sikufurahi. Niliogopa zaidi. Sauti ya mama niliijua, na jina langu nililijua, lakini viwili hivyo sikuwahi kuvisikia pamoja, na vilipokutana vilisikika kama mtu nisiyemjua kabisa. Nilinyamaza. Aliita mara ya pili, kwa nguvu, jinsi mtu anavyosukuma mlango uliokwama. Mara ya tatu sauti ilivunjika katikati ya jina, na ni huko kuvunjika kulikonifanya niamini.

"Niko hapa," nilisema.

"Usitoke hapo. Usiinuke hata kidogo."

Mama ananiambia kwamba kando yake Cucu pia alikuwa ameitika, kwa sauti ndogo, bila kugeuka, kila mara yeye mama alipoita. "Ĩĩ," alisema. "Ĩĩ." Mtu akiitwa kwa jina lake huitika.

Ukungu ulipopungua tuliona mambo yalivyokuwa. Kati yangu na jiwe palikuwa na korongo, refu na la kuta zilizosimama wima, ambalo nilikuwa nimezunguka kichwa chake bila kujua nilipokuwa nikifuata matunda. Ningekwenda moja kwa moja kwenye sauti ningekuta korongo hilo katikati ya njia. Mama alizunguka kwa juu, miguu mitupu, akaja akanishika mkono. Hakunikumbatia hadi tulipokuwa tumerudi kwenye jiwe.

Anko alirudi akihema, na alipoelezwa alikasirika.

"Maitu, huyu mtoto angepotea sababu ya hadithi zako."

"Angepotea sababu ya miguu yake," Cucu alisema. "Hadithi ilimkalisha chini."

Hawakuwahi kumaliza ubishi huo. Anko bado anauendeleza kwenye mikusanyiko ya ukoo, ingawa Cucu tulikwisha kumzika. Mimi nimewasikiliza wote wawili kwa miaka mingi, na naona kila mmoja alisema kweli. Katazo lilinizuia kuitika, na katazo hilo hilo lilinizuia kutembea. Sisemi palikuwa na kitu msituni. Sikuona kitu. Nasema tu kwamba sauti katika ukungu ule haikusikika kutoka kule ilikotoka.

Kesho yake asubuhi mama aliniita Mami, na hadi leo ananiita hivyo. Mwaka jana, tukiwa wawili tu nyumbani kwake, nilimuuliza kwa nini ilimchukua muda mrefu kiasi kile kulitamka jina langu. Nilidhani atasema ni hofu.

"Nilikuwa na heshima," alisema. "Karibu nikuache huko kwa sababu ya heshima." Akainuka kwenda kuangalia jiko.

Nami sasa nina binti wa kwanza, na kwa desturi ana jina la mama wa mume wangu, ambaye yu hai na huja kwetu Ruiru mara kwa mara. Namwita kwa jina hilo, lote, asubuhi akichelewa shule na jioni akiwa bado nje na wenzake. Siku za kwanza mama mkwe wangu aliniangalia kwa jicho la kunipima, na najua kwao walisema sikufunzwa. Sikujieleza. Nataka mtoto aizoee sauti yangu ikiwa na jina lake ndani, ili siku nikilazimika kumwita asikae kimya akijiuliza ni nani.