Nafasi ya Kujieleza

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa, kila mwenye mgongo pale Ujiji alipata kazi. Mimi nilibeba mahindi ya msaada kwenye ghala moja karibu na bandari. Magunia yale yalikuwa mazito, nadhani nilianza kazi nikiwa mrefu. Jioni nilisoma elimu ya watu wazima. Mwalimu alitugusia sheria za kazi wiki moja tu, nami nikajiona nusu hakimu.

Asubuhi moja meneja, mtu wa kuja asiyejua Kiha, alimkuta mzee wa kikosi chetu amekalia gunia, anakoroma. Akamfukuza palepale. Mzee alikuwa na watoto saba na kibarua hicho kimoja. Nikatua mzigo wangu, nikasema, "Samahani, bosi. Sheria inataka mtu apewe nafasi ya kujieleza kabla hajafukuzwa."

Meneja akacheka. "Wakili wa magunia. Haya, mzee, jieleze."

Mzee akavua kofia, akakohoa. "Ahsante, bwana mkubwa. Mimi nilizaliwa Kalinzi, wakati wa masika."

Nikamkonyeza. Hakuniona. Akaeleza mama yake alivyoshikwa na uchungu akichuma kahawa, akaingia habari za wajomba, mmoja mmoja, pamoja na mbuzi wao. Kiswahili kilipomwishia alihamia Kiha, nami nikawa mkalimani. Malori yakajipanga nje, naapa, la mwisho lilikuwa kule mbali Bangwe. Madereva walipiga honi weee, wakachoka, wakaingia kusikiliza.

"Mzee," meneja akasema, "nimeuliza kwa nini ulilala kazini."

"Nakuja huko, mwanangu. Hapa bado sijatahiriwa."

Watu wakaegemea magunia, mbavu hawana kwa kicheko. Saa sita ilipofika meneja akajifuta jasho. "Basi, yaishe. Rudi kazini."

Mzee hakusogea. "Lakini kijana huyu amesema ni haki yangu. Na ndiyo kwanza nimefika darasa la pili."

Nilimvuta mkono kabla haki yake haijatufukuzisha wote wawili.

Tukirudi nyumbani nikamuuliza kilichomlaza ni nini hasa.

"Wageni kutoka ng'ambo ya ziwa wamejaa kwangu. Mkeka nimewaachia watoto wao. Wiki ya pili hii nalala nimekaa."

"Sasa mzee, si ungeanza na hilo?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye sijasoma. "Nianze na hilo, wajomba niwaweke wapi?"