Swichi Chini ya Kiti

Kariobangi nzima ilimjua Mbaluka, fundi wa waya za magari. Miaka ile ya tisini wezi wa magari walituhangaisha, kwa hivyo kila gari aliloshika alilifichia swichi ya kukata petroli. Mahali ilipo alimnong'onezea mwenye gari peke yake, pembeni, watu wakishaondoka.

Halafu jirani yetu Opicho, fundi wa kuchomelea vyuma, akaunda ndege kwa injini kuukuu ya gari, ile ya kuzunguka isiyo na pistoni. Mbaluka akamfungia swichi za injekta, vile vinyunyizio vya petroli, kwenye dashibodi, na kwa mazoea yake ya kijinga akaficha nyingine chini ya kiti. Nani angeiba ndege Kariobangi, jamani?

Siku ya kuijaribu, uwanja nyuma ya Dandora ulifurika watu. Mbaluka akaona atamnong'onezea Opicho ilipo ile ya siri akishashuka, watu wakiondoka. Ndege ikapaa, kisha kisigino cha Opicho kikaigonga ile swichi na injini ikazima. Tukamwona akibonyeza za dashibodi, moja baada ya nyingine.

"Chini ya kiti, Opicho! Chini ya kiti!" Mbaluka alipiga kelele, ndege ikiporomoka. Tulimsikia sote, hata wezi waliokuwa katikati yetu. Mwenye ndege tu ndiye hakusikia.