Jicho Juu ya Duka la Nyavu

Dafroza si mwanamke wa kuogopa ovyo. Alitoka Mugango na darasa lake la saba na beseni la dagaa kichwani, na leo ana duka la nyavu na kamba za mitumbwi pale Mwisenge. Lakini tangu wezi wavunje duka la jirani yake Pelagia, wakabeba mpaka kalenda ya ukutani, usingizi ulimhama. Nyavu zile ni jasho lake. Zikienda, anarudi kwenye beseni.

Mlinzi alikuwa naye: mzee Keraryo, baba mkwe wake, na upinde na mishale yake. Ila mzee akishakula ugali, analala. Na utamwamshaje? Kwa watu wao, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe amelala, seuze kumtikisa bega.

Akamwita Prosper, fundi wa vifaa vya ulinzi.

"Mama, kuna king'ora, kuna senyenge ya umeme, kuna kamera," Prosper alimwaga maneno kama anauza nyanya.

"King'ora kilie huku mimi niko nyumbani, si mwizi atacheza tu? Na senyenge itaua mbuzi wa watu."

"Basi kamera. Unaona kwenye simu, hata gizani, na sauti unasikia."

"Hiyo hiyo. Funga."

Jioni ile akiwa nyumbani akafungua simu. Mlango wa duka huo, unaonekana vizuri kabisa. Na mlangoni, juu ya boksi, mzee Keraryo amelala, katawanya miguu, shuka limepanda magotini. Dafroza alipiga yowe, akaifunika simu kwa kitenge.

Akaazima simu ya bintiye Eunice, akampigia mumewe Boniphace, aliyekuwa Bunda kwenye ununuzi wa pamba.

"Si uangalie mlango tu, baba umwache."

"Mlango na baba yako wako pamoja! Niwatenganishe na nini, panga? Unanitafutia laana wewe."

"Basi usiangalie."

"Na nyavu?"

Boniphace akasema mtandao unasumbua. Wa kwake unasumbuaga hapo hapo kila siku.

Asubuhi Dafroza alisimama nyuma ya marobota ya nyavu, macho chini. Mzee alikuwa nje kwenye benchi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama Eunice."

"Baba, lile dude la juu... linaonyesha."

"Linaonyesha nini?"

"Kila kitu. Hata mtu akijinyoosha."

Benchi likalia. Alipochungulia, mzee hayupo, boksi halipo, upinde haupo.

Siku nzima alikosea kupima kamba. Kamfukuza mzee! Ukoo wote wa mumewe kule Butiama utajua kabla jua halijazama, na wezi watajua kabla yao.

Giza lilipoingia akafungua simu kwa jicho moja. Mlangoni pana kiti. Juu ya kiti, koti la mzee, limefungwa vifungo vyote, na kofia juu yake. Kati ya kofia na kola, hakuna shingo.

"Kaniachia nguo!" Dafroza alisema.

Pikipiki ikasimama mbele ya duka, ikazima taa. Akashuka mwanamume na nondo mkononi.

"Shikamoo mzee."

Koti kimya.

"Mzee, shikamoo!"

Kimya. Yule mtu akacheka, akalipita koti, akapachika nondo kwenye kufuli. Dafroza akafungua mdomo apige kelele, kwa nani sasa?

"Marahaba!"

Sauti ilitoka gizani nyuma ya duka, nzito kama ya fahali. Mwizi akaacha nondo, akaacha pikipiki, akaacha na kiatu kimoja.

Mzee Keraryo akajitokeza na upinde wake, shuka limefungwa vizuri mabegani. Akakiokota kiatu, akakitupa pembeni. Kisha akainua uso kwenye lile dude.

"Mama Eunice, mimi niko huku nyuma. Wewe angalia koti."

Dafroza, peke yake sebuleni, akainamisha macho mbele ya simu.

"Asante baba," akasema, ingawa alijua hasikiki.