Mayai Kumi na Moja ya Kishingo

Kuku wa mama yangu alikanyagwa na lori asubuhi moja, mbele ya lango letu hapa Kolwezi. Lori lenyewe halikusimama, na mimi nilitoka na mwiko mkononi, nikalitukana mpaka likapinda kona. Mama alikuwa ameketi barazani. Haoni vizuri, macho yake yana ukungu tangu miaka kadhaa, anatofautisha mwanga na giza na si zaidi. Aliuliza, "Njo yeye?" Nikasema ndiyo, ni yeye.

Lazima nieleze huyo kuku alikuwa nani, maana majirani waliona nimepandwa na wazimu kwa ajili ya kitoweo. Alikuwa kishingo, yule kuku asiye na manyoya shingoni tangu anapoanguliwa. Bibi yangu alitoka Kasai kwa treni, akimfuata mume aliyeajiriwa mgodini, na mapajani alikuwa na kikapu chenye kishingo wawili. Masufuria yalipotea njiani, nguo zikaibwa, kuku wakafika. Tangu hapo nyumbani kwetu hakujakosekana kishingo. Mama amehama nyumba mara tatu, na kila mara kuku ndio waliotangulia kupakiwa. Mwaka juzi ugonjwa ulifyeka banda zima, akabaki huyo mmoja. Sasa na yeye amekwenda.

Ila chini ya kitanda cha mama, katika beseni lenye majani makavu, yalibaki mayai kumi na moja. Kuku alikuwa bado hajaanza kuyalalia. Jogoo wa jirani alikuwa baba yao, jogoo wa kawaida mwenye manyoya mpaka masikioni, kwa hiyo si kila yai lingetoa kishingo. Wengine wangefuata upande wa baba. Na kuku wa kuyalalia hakukuwapo. Mtaa mzima wanafuga wale weupe wa kununua, ambao hutaga yai wakaondoka zao kama waliokwenda kutupa takataka.

"Basi yatakuwa ya kula," mama alisema, na sauti yake ilinichoma.

"Hatuli hata moja," nikamjibu. "Natengeneza kuvezi."

Kuvezi ndivyo tunavyoita mashine ya kuangulia mayai. Nilikuwa nimeiona mara moja tu, kwenye simu. Lakini mimi ni mtu ambaye akishaona kitu mara moja anajiona fundi. Nilipata sokoni boksi jeupe jepesi lililoletewa samaki wa barafu, nikalisugua siku mbili na bado likanuka. Nikatoboa matundu ya hewa, nikaweka wavu, kikombe cha maji ili hewa isikauke, kipimajoto, na taa. Taa iliwaka vizuri ajabu. Baada ya saa nzima kipimajoto hakikusogea. Niligusa taa: baridi kama kijiko. Kumbe taa za siku hizi hutoa mwanga bila joto, na zile za zamani zilizounguza vidole hakuna anayezitaka tena. Nilizunguka maduka manne nikiomba taa mbovu. Wauzaji walinitazama kwa huruma. Mzee wa duka la tano alipanda ngazi akashuka na mbili zenye vumbi, akaniuliza kama nataka kuchoma nyumba.

Joto likapatikana. Nikapanga mayai. Siku ya kwanza nilikaa mbele ya lile boksi kama mtu anayetazama mpira.

Hapa kwetu mchana kuna saa ya kulipua mawe mgodini. King'ora kinalia, kila mwanamke mtaani anafunika sufuria kwa sababu ya vumbi la dari na kuteremsha glasi zilizo pembeni mwa kabati, kisha ardhi inapiga, madirisha yanatetemeka, na maisha yanaendelea. Tunafanya hivyo bila kufikiri. Siku ya tatu king'ora kilipolia nilikuwa uani. Niliporudi ndani nilimkuta mama ameketi sakafuni kando ya boksi, mfuniko pembeni, mayai yote kumi na moja ameyaweka mapajani juu ya kikwembe, kitenge alichojifunga, mikono imeyazunguka.

"Mama! Unafanya nini?"

"Itayatikisa," alisema. "Mutoto haiwezi kukamata vizuri mu yayi kama nyumba inaruka."

Akangoja mlipuko upite, kisha akayarudisha moja moja. Nilitazama kipimajoto nikaona joto limeporomoka, na nikapandwa na hasira. Nilimwambia nimeweka mito chini ya boksi, halitikisiki. Nilimwambia anawaua watoto wa kuku wake kwa baridi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake king'ora kilipolia akafanya vile vile. Siku ya tano nikafunga mfuniko kwa utepe wa gundi, ule tunaouita scotch, pande zote nne, na nikajiona nimeshinda.

Sasa nikiri mambo yangu. Mdogo wangu anachimba madini mtaa wa Kasulo, na kama wachimbaji wote ana taa ya kufunga kichwani. Nilimwomba aniachie hiyo taa siku zake za mapumziko. Ukizima taa ya chumba, ukafunga pazia na kushika yai mbele ya ile taa, unaona ndani. Mwanzoni ni kiini tu, kivuli cha njano. Halafu, siku ya sita, katika yai moja niliona uzi mwekundu. Mishipa. Katikati yake nukta nyeusi iliyokuwa ikiruka, ikiruka, peke yake, bila mtu kuiambia. Nimezaa watoto wawili na sijawahi kujua kwamba mambo huanza hivyo, kwa nukta inayoruka kabla hakujawa na mwili wa kuruka nao.

Basi sikutulia tena. Nikiosha vyombo, naacha, nabandua utepe, natazama. Nikifua, natazama. Niliona jicho linatokea. Niliona kitu kinapiga teke. Manne hayakuwa na kitu, maji matupu, nikayatoa. Saba yalikuwa hai. Kila mara nilimpigia mama kelele toka chumbani: "Leo kuna jicho!" Naye akijibu, "Ah bon," kama kusema kumbe, akiendelea kuchambua maharage kwa vidole.

Siku ya kumi nilikuwa nabandua utepe wakati aliposema nyuma yangu, "Ya kenda hiyo."

"Nini?"

"Mufuniko. Inaliaka ukiitosha. Leo umefungua mara kenda, na bado saa sita ya midi." Alikuwa amesimama mlangoni, mkono ukutani. "Mi nilikuwa nafungua mara moja. Ukanifungia na scotch."

Nikaanza kueleza kwamba mimi naangalia, kwamba ni muhimu kujua.

"Na mi sipende kujua?" alisema. "We uko na macho na taa ya mudogo yako. Mi niko na nini?"

Niliona aibu ya kweli. Kumbe siku zote zile hakuwa anayashika kwa ajili ya mlipuko tu. Alikuwa anayatazama, kwa njia aliyobakiwa nayo, na mimi nikamfungia mlango.

Tangu siku ile tukapatana. Boksi lingefunguliwa mara tatu kwa siku, wakati wa kuyageuza mayai, na anayegeuza ni mama. Nilidondosha tone dogo la nta ya mshumaa upande mmoja wa kila yai ili vidole vyake vijue juu na chini. Alijua yote saba. Lile zito, lile lenye ganda la kukwaruza, lile refu. Umeme ulipokatika nilichemsha maji, nikayajaza kwenye chupa, naye akazizungushia vitambaa na kuzipanga kandokando ya mayai. Siku ya kumi na tisa tuliacha kugeuza. Ya ishirini alibandika sikio kwenye boksi, akanyoosha kidole nikae kimya. "Banaongea," alisema.

Wa kwanza alitoka asubuhi iliyofuata, amelowa, mbaya kama kitambaa cha kudekia. Alipokauka tuliona manyoya mpaka kidevuni. Wa pili vile vile. Matatu yalinyamaza kabisa. Nikahesabu moyoni: yamebaki mawili.

Yai la sita lilikuwa na tundu, na mdomo ukitokeza ukipumua. Ukakaa hivyo saa moja, mbili, tatu. Mama alisema, "Acha. Atatoka." Kisha akaenda kunawa.

Siwezi kujitetea. Nilitaka kujua. Nilibandua kipande cha ganda kwa ukucha, kidogo tu, nikaona shingo. Ilikuwa wazi, nyekundu, bila unyoya hata mmoja. Nikabandua kingine, na kingine, na hapo damu ikatoka, nyembamba, kwenye ile ngozi ya ndani ambayo bado ilikuwa imeshikana naye. Alifia kiganjani mwangu kabla mama hajarudi.

"Shingo?" aliuliza aliporudi.

Nilimwekea mkononi. Alipitisha kidole taratibu, kutoka kichwani kushuka. Akajua yote mawili, kwamba alikuwa kishingo na kile nilichokuwa nimefanya. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alimfunga katika kona ya kikwembe chake na kusema, "Imebakia moja."

La saba ni lile lenye ganda la kukwaruza. Lilitoboka karibu na saa sita. Mama aliniketisha sakafuni, akaniambia nikalie mikono yangu mwenyewe, na mimi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nikakalia mikono. Tulingoja. Mdomo ulitoka, ukachoka, ukalala. Mikono ilikufa ganzi. Nilikuwa nalia na sikuweza kujifuta. King'ora kikalia, na hakuna aliyekwenda kufunika sufuria. Mama alilikumbatia boksi zima, mfuniko juu yake, akaweka shavu. Ardhi ikapiga. Dari ikatumwagia vumbi kichwani. Ndani ya boksi kitu kikapasuka, kidogo, kama mtu aliyekanyaga jani kavu.

"Ngoja," mama alisema, kabla sijafungua kinywa.

Tulingoja mpaka sauti ya ndani ikawa ya mtu aliyesimama kwa miguu yake. Ndipo aliponiruhusu. Nilitoa mfuniko, nikamchukua akiwa bado amelowa, nikamweka kiganjani mwa mama bila kusema neno, ingawa nilikuwa nimekwisha kuona. Kidole chake kilianza kwenye mdomo, kikapanda utosini, kikashuka nyuma taratibu hadi manyoya yanapoishia. Kikasimama pale. Kikabaki muda mrefu juu ya ile ngozi ya moto, isiyo na kitu.

Kisha akamrudisha mwenyewe ndani, akipapasa pembe za boksi.

"Sasa funika," alisema. "Baridi."