Kidevu cha Kwanza cha Mwaka

Kila asubuhi ya mwaka mpya, kinyozi wa nyuma ya stendi alimnyoa bure mteja wa kwanza. Ndiyo shukrani yake kwa Mungu: wengine wamepewa sauti za kuimba, yeye alipewa wembe. Watu walikigombania kiti hicho. Mwaka mmoja wanaume wawili walikikalia kwa pamoja, kila mmoja kwa nusu ya kalio, na hakuna aliyekubali kuinuka.

Safari hii hakuna aliyegombana na mtu. Katikati ya mwaka uliopita kinyozi alipatwa na kiharusi. Miguu ilirudi, ulimi ukarudi, ila mkono wa kulia ulirudi ukitetemeka. Akaanza upya kama mwanafunzi, akinyoa maputo yaliyopakwa povu, na kila moja lilipopasuka mkewe aliruka jikoni. Siku za karibuni mkewe alikuwa ameacha kuruka, kwa kuwa maputo yalikuwa hayapasuki tena.

Alifagia duka, akafuta kioo, akasubiri. Wapita njia walimsalimu kutoka upande wa pili wa barabara. "Heri ya mwaka mpya, fundi! Mungu mkubwa!" Kisha wakajishika ndevu na kuongeza mwendo.

"Wasipokuja leo, basi kazi imekwisha," alimwambia mkewe. "Nitamshukuru Mungu vilevile. Lakini ningependa kumshukuru nikiwa na povu mikononi."

Mkewe akatoka. Akarudi akimburura kaka yake, mchomelea vyuma mwenye ndevu alizozilea kuliko wanawe.

"Dada, mimi nina watoto wadogo!"

"Kaa."

"Hata wosia sijaandika."

"Kaa, kaka. Una nini cha kurithiwa zaidi ya hizo ndevu?"

Akakaa. Kinyozi akampaka povu, akashika wembe, akafumba macho. "Ee Mungu, asante kwa kuniamsha. Asante kwa mke asiyechoka. Asante kwa shemeji huyu uliyemleta..."

"Shemeji! Mshukuru ukiwa macho!"

Wembe ulipokaribia shavu, mkono ukaanza kucheza. Puto halipumui wala halimezi mate. Huyu alikuwa anafanya yote mawili, kwa kasi. Kinyozi akaishiwa nguvu. Akaegemeza kiwiko kwenye bega la shemeji yake ili apumzike tu, na hapo mkono ukatulia tuli.

Akautazama kama mgeni aliyebisha hodi.

"Usisogee," akanong'ona.

"Nisogee niende wapi?"

Wembe ukashuka shavuni, ukazunguka kidevu, ukapanda kooni. Sasa aliyefumba macho alikuwa shemeji, midomo ikimwenda mbio bila sauti. Mke wa kinyozi alikuwa ameng'ang'ania taulo kwa mikono miwili.

"Tayari."

Shemeji akajipapasa shavu, koo, masikio. Akatazama vidole, havikuwa na damu. Akatoka nje kwa kishindo, taulo la dada yake shingoni. "Jamani, njooni mnishike mashavu! Njooni muone kazi ya Mungu!"

Wakaja, wakamshika, wakamvuta pua, wakacheka. Ndani, kinyozi alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na mkono ukitetemeka utakavyo.

Fundi cherehani wa duka la jirani, aliyekuwa akichungulia mlangoni tangu mwanzo, akawa wa kwanza kuingia. Akavua koti, akalitundika, akakaa na kujiweka sawa kitini.

"Fundi," akamuuliza kinyozi, "unataka bega lipi?"