Ngumi ya Kaka Miladin

Kaka yangu Miladin, fundi wa dohani, alipatwa na kiharusi masika yale, na mkono wake wa kulia ukajikunja ngumi. Alikuwa na ombi moja kwa Mungu: siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa nyumba yetu, aushike mkate mbele ya padri kwa mikono miwili, auzungushe na kuumega, kama alivyofanya marehemu baba.

“Nikimwachia Zdravko mkate, nimemwachia na nyumba,” alisema. Zdravko ni mume wa binti yake.

Hospitali walimpiga mawimbi ya mshtuko kwenye misuli. Mashine ile hugonga kama kigong'ota. Baada ya wiki kadhaa vidole vililegea, akanilazia kiganja shavuni. Nilimshukuru Mungu palepale.

Jelica, mtaalamu wa viungo, alituonya. “Mashine inalegeza tu. Kunyoosha ni kazi yenu, kila siku.”

Lakini nyumbani kila mgeni alikuja na jozi, zile kokwa ngumu za mitini kwetu. “Zibane, Miladin, mkono upate nguvu.” Alizipasua kiganjani, watu wakacheka, wakammiminia pombe ya plamu.

“Kaka, tuliambiwa kunyoosha.”

“Jelica hajajenga dohani hata moja. Mkono mvivu dawa yake kazi.”

“Basi nipe dakika tano tu.”

“Niache, dada. Unanivuta kama unakamua mbuzi.”

Tuliporudi hospitali, Jelica alishindwa kuifungua ile ngumi. “Umekuwa ukifanya nini, baba?”

“Navunja jozi,” akajibu kwa majivuno.

“Umeufundisha kufunga. Mkono tayari ulijua kufunga.” Nafasi ya mashine ingepatikana baada ya Krismasi tu. Sikukuu yetu huitangulia.

Siku ikafika. Padri akaanza kuimba. Kaka akauinua mkate kwa mkono wa kushoto, akaukinga kwa ngumi. Ukainama, divai aliyoimimina padri juu yake ikamwagika kitambaani. Zdravko akaudaka, na ni yeye aliyeuzungusha na kuumega.

Mezani Kaka hakugusa samaki.

“Haya, nyumba ni yake.”

“Nyumba ni ya Mungu, Kaka. Lete mkono.”

Safari hii aliniwekea ngumi mapajani, mbele ya wageni wote, akageuzia uso dirishani. Nikavuta. Kidole kimoja kilitii, kisha kikarudi palepale. Nikaanza tena.